Kigoda Aletewa Mchumba

Kigoda aliingia nyumbani kwa fundi wa makochi akiwa ndani ya kochi. Mteja mmoja alileta kochi kuukuu la watu watatu, akalishusha mlangoni mwa karakana, akaenda zake. Fundi alipolipindua ili achane kitambaa cha chini, akaona macho yanamtazama kutoka katikati ya springi. Alipiga yowe lililomtoa mama yake jikoni na mwiko mkononi.

"Panya?" akauliza mama yake.

"Ana masikio marefu mno," akajibu fundi, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kupanda juu ya meza.

Alikuwa mwanasungura jike wa rangi ya majivu, mdogo kiasi cha kulala kwenye kiganja. Mguu wake wa mbele wa kulia uliishia kwenye kiwiko, na hapo palikuwa pameota manyoya laini kama ncha ya brashi. Fundi akampigia simu mteja. Mteja akacheka. Kumbe alijificha humo! Watoto walikuwa wamemtafuta nyumba nzima. Katika uzao ule walizaliwa wawili wa namna hiyo, akasema, na mwenzake alikufa. Kama fundi anamtaka huyo amchukue tu, maana sungura wa miguu mitatu atatakwa na nani?

Fundi alikata simu. Alikuwa anamwangalia yule mwanasungura akijaribu kutembea juu ya rundo la sponji: anaanguka kwa pua, anainuka, anaanguka, anainuka tena na kuitazama sponji kama vile sponji ndiyo yenye makosa.

"Kigoda," akasema fundi. "Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi, hata sakafu iwe na mabonde."

Jina likashika. Kigoda akakulia karakanani, katikati ya nyundo, gundi na vipande vya velveti. Alijifunza kuruka kwa mtindo wake mwenyewe, kichwa kikizama kidogo kila anapotua, hata wateja wakawa wanasema anasalimia. Alikula majani ya karoti, alikula kona za katalogi ya vitambaa, na safari moja alikula kamba ya kiatu cha mteja aliyekuwa amekaa anasubiri. Mteja huyo alisimama akaondoka, lakini kiatu chake hakikuondoka naye.

Nyumbani walikuwa watatu. Fundi mwenyewe alikuwa mjane, mtu wa maneno machache ambayo mara nyingi aliyasema vibaya. Mama yake wote walimwita Bibi, hata mwanawe akisahau alimwita hivyo. Wa tatu alikuwa binti pekee wa fundi, mwalimu wa watoto wadogo. Tangu alipojifunza kusema hakunyamaza, ndiyo maana baba yake alimpa jina la Redio, na mtaa mzima ukalipokea. Redio alikuwa na mchumba, kijana mpiga chapa mwenye kicheko cha karibu. Mkono wake wa kushoto haukuwa na vidole. Alizaliwa hivyo, kama baba yake alivyozaliwa. Fundi aliukubali uchumba ule bila shida. Alimpenda kijana. Kuhusu ule mkono hakuwahi kutamka neno. Mara moja au mbili tu wazo lilimpitia, kama paka anavyopita uani, na hakulifuata kuona lilikokwenda.

Basi siku hiyo Redio na mchumba wake walikuja karakanani kumwonyesha fundi sampuli za kadi za harusi. Kadi zilikuwa zimepangwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, na Bibi alikuwa amezisogeza puani anasoma, pale alipoingia jirani yao mwokaji. Huyu aliitwa Mama Mkate. Alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi.

"Hodi. Nimekuja kuposa," akasema.

"Umechelewa," Bibi akamjibu, akinyoosha kidole kwa kijana. "Huyu mume wangu ndiye anayemwoa mjukuu wangu. Tumekubaliana tutamgawana."

"Mimi namtaka Kigoda. Nina kijana wangu Jemedari."

Jemedari walimjua wote. Alikuwa sungura dume mweupe, mnene, mwenye tabia ya kupiga teke milango.

Bibi aliweka kadi chini, akakaa sawasawa, akajifunga kanga upya kama mtu anayepokea ugeni rasmi. "Karibu ukae, mwenzangu. Kijana wenu anafanya kazi gani?"

"Kula."

"Basi hana tofauti na wengine. Ana tabia nzuri?"

"Hana."

"Huyo ni mwanamume kweli. Mimi nimeridhia. Fundi, una la kusema?"

Watu wakacheka. Fundi alikuwa amepiga magoti, misumari midomoni, anavuta kitambaa kwenye kona ya kiti. Akaitema misumari kiganjani.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Hazalishwi. Mmeona mguu ule? Hata ndugu yake alizaliwa nao. Mtoto wa nyoka ni nyoka, Mama, na mtoto wa kigoda ni kigoda. Mbegu yenye kasoro haipandwi."

Aligonga msumari. Akagonga wa pili. Alipotaka kugonga wa tatu ndipo alipotambua kwamba hakuna anayecheka tena. Mama Mkate alikuwa anajipangusa unga mikononi, akipangusa na mahali pasipo na unga. Bibi alikuwa amefumba macho.

Kijana ndiye aliyejaribu kuwaokoa. "Basi mimi na Kigoda kesi yetu ni moja," akasema, na akatabasamu.

Redio hakutabasamu. "Baba," akasema, "hapo unamsema sungura, au unamsema mume wangu?"

"Namsema sungura! Nani kamtaja mtu?"

"Hukumtaja," akasema Redio. Akakusanya kadi moja moja, akazigonga mezani zikakaa sawa, akamshika mchumba wake kiwiko, wakatoka.

Ulimi hauna mfupa, lakini ule wa fundi siku hiyo ulivunja watu mioyo. Nyumba ikawa kimya. Redio aliyekuwa akisimulia darasa zima tangu mlangoni, nani kamng'ata nani, nani kajibu kwamba mbili na mbili ni "nyingi", sasa alikuwa anasema "Ndiyo, Baba" na "Hapana, Baba" na "Chakula kiko mezani, Baba." Fundi akaona bora angetukanwa.

"Kimya hiki kinaniumiza masikio," akamlalamikia mama yake.

"Kakirekebishe. Wewe si fundi?"

"Mama, mimi nilikuwa namsema sungura."

"Mwanangu," Bibi akasema, "nimekuzaa, nimekulea, nikakuona mpaka mvi zimekutoka. Usinidanganye mimi. Nenda kamwone yule kijana wa watu. Kuomba radhi hakumpunguzi mtu kimo, na wewe hata hivyo huna kimo cha kupunguza."

Fundi akaenda. Matbaa ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya wino na karatasi mpya, mashine zinapiga mdundo mmoja mpaka sakafu inatetemeka. Kijana alikuwa anafunga mabunda ya vitabu vya risiti: anakandamiza bunda kwa mkono wa kushoto, anazungusha kamba kwa wa kulia, mwisho mmoja wa kamba ameushika kwa meno. Alipomwona mgeni aliiachia kamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Fundi alikuwa ameandaa maneno njia nzima. Yote yakapotea. "Nimekuja kuhusu yale niliyosema. Nimekosa. Mdomo wangu ulitangulia."

"Nimeshasamehe, baba. Siku ile ile."

"Redio hajasamehe."

"Redio ni Redio." Kijana akamvutia boksi la karatasi akae. "Nikuambie kitu? Mkono huu ni wa baba yangu, mkono mtupu vilevile. Siku niliyozaliwa, mkunga aliogopa kutoka nje. Alinifunika mpaka shingoni, akawa anazunguka maneno: mtoto ni mzima, mtoto ana sauti, ila, lakini, hata hivyo… Baba akanifunua. Akautazama mkono, akasema, 'Ah! Huyu wangu kweli, nimemtambua.' Mama anasema mkunga alicheka hadi akaomba kiti."

Fundi naye akacheka, kisha akajiona ana macho mazito, akajifanya anachunguza mashine.

"Mimi na Redio tumelizungumza," kijana akaendelea. "Siyo mara moja. Mtoto wetu anaweza kuja na mkono huu, anaweza asije nao. Tukaulizana kama tuko tayari, tukajibizana. Hilo limekwisha. Sasa Kigoda, baba, yeye nani amemuuliza?"

"Amemuuliza nini?"

"Kuzaa. Bibi anataka, Mama Mkate anataka, wewe hutaki. Kila mtu ana sababu yake, na hakuna hata mmoja aliyemtazama yeye mwenyewe, mwili wake unaweza au hauwezi. Mimi nikiulizwa naweza kujibu. Yeye hawezi. Inabidi mtu amtazame vizuri kwa niaba yake."

Fundi alikaa juu ya boksi lake akifikiri. Alikuwa amekuja kuomba radhi, na alikuwa ameipata, lakini kumbe kulikuwa na kazi nyingine iliyobaki.

"Kuna daktari wa mifugo karibu na sokoni," akasema hatimaye. "Utanisindikiza? Mimi nikiwa peke yangu nitasema neno baya."

Daktari alikuwa mwanamke mrefu mwenye mikono iliyokwaruzwa na paka wa kila aina. Alimweka Kigoda juu ya meza, akamsikiliza moyo, akamnyoosha bega, nyonga, uti wa mgongo, huku akimsemesha kama mteja wa saluni. Kigoda alijaribu kula mpira wa kifaa chake cha kupimia moyo.

"Mnataka nijibu lipi?" daktari akauliza. "Kama watoto watazaliwa bila mguu, au kama mama atavumilia kuwabeba?"

Fundi na kijana wakatazamana. "Yote mawili," fundi akasema.

"La kwanza sijui. Mnasema ndugu yake wa uzao mmoja alikuwa hivyo, kwa hiyo inawezekana ni ya kurithi. Wanaweza kuja wote na miguu minne, wanaweza kuja nusu kwa nusu. Na sungura wa miguu mitatu, kama mnavyoona, anaishi na kunenepa. Huyu amenenepa hasa. Anakula nini?"

"Katalogi," akasema fundi.

"La pili ndilo linalonipa wasiwasi. Gusa hapa." Akachukua kidole cha fundi, akakiweka kwenye bega la kushoto la Kigoda. "Umeona joto? Mguu huu mmoja unafanya kazi ya miguu miwili. Sasa mwongezee tumbo. Ataegemea nini? Halafu wakizaliwa sita au saba, kila mmoja atahitaji mtu wa kumtazama kama unavyomtazama huyu. Utawapata wapi watu saba kama wewe?"

"Kwa hiyo niliposema hapana nilisema kweli," fundi akasema polepole.

"Ulisema hapana ya kweli kwa sababu ya uongo," kijana akamwambia, kwa upole. Fundi akaitikia kwa kichwa.

Daktari alikuwa bado anamtazama Kigoda. "Ila anahitaji mwenzake. Sungura hakuumbwa kukaa peke yake. Huyo dume mnayemsema, anayemfuga akikubali, tumhasi. Nikimaliza, mkae wiki kadhaa kabla hamjawaweka pamoja. Dume aliyehasiwa leo bado ana akiba ya mbegu mwilini. Mmenielewa? Wiki kadhaa."

Fundi alihofia kumwambia Mama Mkate. Mtu alikuja kuposa, unamrudishia jibu kwamba mchumba amekubaliwa kwa sharti akakatwe! Lakini Mama Mkate alipiga makofi.

"Mchukueni hata leo! Ametoboa magunia mawili ya unga. Juzi kampiga teke mume wangu."

Jemedari akaenda kwa daktari akiwa jemedari, akarudi akiwa mpole kidogo, anatembea kama mtu aliyesahau kitu. Wakamweka upande wa pili wa karakana, nyuma ya wavu, apone na akiba yake iishe.

Jioni hiyo fundi alimfuata binti yake barazani. Alimweleza yote, la matbaa na la daktari, na akaomba radhi. Redio alikuwa anasahihisha madaftari ya watoto. Akaweka kalamu chini.

"Nimesikia, Baba. Ahsante kwa kwenda kwake." Akalifunga daftari. "Lakini kuomba radhi ni jambo moja. Mimi nataka kujua unafikiri nini. Nikikuletea mjukuu mwenye mkono kama ule, uso wako utakuwaje? Siyo maneno. Uso."

Fundi alifungua mdomo. Paka yule wa mawazo akapita tena uani. Alitaka kusema "utakuwa wa furaha," na pengine lilikuwa kweli, lakini aliogopa lisije likatoka kama mengine. Akasema, "Sijui kusema, mwanangu."

"Basi usiseme," Redio akamjibu, na akarudi kwenye madaftari. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa anasubiri.

Mambo yangetulia kama siyo Bibi. Bibi alikuwa anakaa karakanani mchana akimenya njegere, na kila akiinua macho anawaona wale wawili, huyu upande huu wa wavu, yule upande ule, pua zimegusana. "Kama wafungwa," akanung'unika. "Kosa lao nini?" Wiki kadhaa ni ngapi hasa? Kadhaa ni neno la daktari, na madaktari wanapenda kuzidisha. Siku moja, fundi alipokwenda kupeleka viti kwa mteja, mkono wa Bibi ukateleza, kama alivyokuja kueleza baadaye, na wavu ukafunguka. Aliporudi fundi wavu ulikuwa umefungwa, Bibi anamenya njegere kwa bidii ya ajabu.

Siku zikapita. Kisha asubuhi moja fundi akamkuta Kigoda amejaza mdomo vipande vya kitambaa, vimemning'inia kama masharubu, anavipeleka kwenye kona nyuma ya stuli. Akaviacha hapo, akarudi kuchukua vingine. Halafu akaanza kujing'oa manyoya kifuani, fungu baada ya fungu, na kuyatandika.

"Mama!" fundi akaita. "Njoo uone, sungura kaugua!"

Bibi akaja, akaona, akakaa kitako juu ya sponji. "Hajaugua," akasema kwa sauti ndogo ambayo mwanawe hakuwahi kuisikia. "Anatengeneza kiota. Anataka kuzaa."

"Azae vipi? Na nani? Wavu…" Fundi akamtazama mama yake. Mama yake akatazama dari. "Mama!"

"Ilikuwa dakika chache tu. Waliniangalia."

"Daktari alisema wiki kadhaa!"

"Angesema tatu ningehesabu tatu! Kadhaa ndiyo ngapi?" Kisha akaokota fungu la manyoya. "Mwanangu, akifa yule nitajilaumu mpaka kaburini. Nilikuwa nataka watoto wa sungura. Sikutaka afe."

Fundi alikuwa ameandaa hasira, akaishusha. Akampigia simu daktari, naye alikuwa safarini vijijini, anachanja ng'ombe. Msimguse tumbo, akasema. Mpeni boksi lenye mlango wa chini asilazimike kuruka, muwe kimya, nami nikirudi nitapitia kwenu kabla sijafika kwangu.

Hapo karakana ikageuka wodi ya wazazi. Kiti cha mteja kilichokuwa kimefunguliwa mgongo kikaachwa hivyo hivyo, springi nje. Fundi alikata mbao, akapiga msasa mpaka kwenye pembe ambazo hakuna atakayezigusa, akatandika sponji nzuri, ile ya wateja wanaojua kuchagua, na upande wa kushoto akaweka mto mgumu kidogo ili Kigoda apate pa kuegemeza bega. Mpiga chapa alileta gunia la karatasi zilizokatwa nyembamba. Mama Mkate alileta mikate, akawaomba radhi kwa niaba ya Jemedari. Jemedari alikuwa nyuma ya wavu, anakula.

Redio alitoka shule akakuta mlango wa karakana umeegeshwa. Alitaka kuingia, akasikia sauti ya baba yake. Akachungulia.

Fundi alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, mtu mzima, shavu limegusa simenti, uso wake uko kwenye mlango wa boksi. Alikuwa anazungumza.

"Njooni tu," alikuwa anasema. "Njooni na mguu wowote mlio nao. Wenye mitatu waje, wenye miwili waje. Nitawafundisha kupanda sponji, mama yenu alijifunza hapo hapo. Mimi nimeshawatengenezea nafasi. Kitu kimoja tu: msimwumize mama yenu. Mengine yote mimi niko radhi."

Kigoda alimpiga na kipande cha karatasi puani. Fundi akacheka peke yake, na Redio akauona uso wake. Ule uso ndio aliokuwa anausubiri.

Akaingia, akavua viatu, akalala kifudifudi upande wa pili wa boksi.

"Baba."

Fundi alishtuka akagonga kichwa kwenye kiti. "Umeingia lini?"

"Muda mrefu. Unajua leo yule mtoto wangu anayeuma wenzake kafanya nini? Kajiuma mwenyewe! Nikamuuliza, kwa nini, akasema alikuwa anataka kujua wanalia nini. Halafu mwalimu mkuu akaja…"

Akaendelea. Fundi aliuweka uso wake sakafuni tena, akasikiliza habari zote, za mwalimu mkuu, za chaki iliyokwisha, za mzazi aliyekuja kulalamika akasahau alichokuja kulalamikia, na hakumkatiza hata mara moja.

Daktari alifika na matope mpaka magotini. Wote walikuwepo, wamesimama kwa mstari karibu na ukuta kama ndugu wa mgonjwa. Akaosha mikono, akamtoa Kigoda kwenye boksi, akapitisha vidole tumboni taratibu. Akapitisha tena. Bibi alikuwa ameshika kanga kwa meno.

"Wangapi?" fundi akanong'ona.

"Hakuna."

"Wamekufa?"

"Hawakuwahi kuwemo." Daktari akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. "Hii ni mimba ya uongo. Dume akimpanda, hata kama hana kitu, mwili wa jike unaweza kuamini. Anajenga kiota, anang'oa manyoya, hata maziwa yanaweza kuja kidogo. Siku chache atasahau. Bega lake ni zima, moyo ni mzima. Mmebahatika."

Bibi akaiachia kanga.

"Yaani mimi," akasema, "na umri wangu huu, niliyezalisha nusu ya mtaa huu, nimedanganywa na sungura?"

Hapo hakuna aliyejizuia. Mama Mkate alicheka mpaka unga ukamwagika. Lakini fundi alipoinama kulitazama lile boksi lake lililopigwa msasa, na manyoya ya kijivu yaliyotandikwa vizuri bila mtu wa kuyalalia, alijikuta ana huzuni ndogo ambayo hakuitarajia. Mpiga chapa aliiona. Akasogea akasimama karibu naye, bega kwa bega.

"Ulishajiandaa, baba."

"Nilishajiandaa," fundi akasema. "Hata majina nilikuwa nayo."

"Majina gani?"

"Stuli. Benchi. Kabati, kama angekuwepo mnene."

Wavu ukaondolewa wakati ulipofika kweli, mara hii kwa idhini ya daktari, aliyetakiwa na Bibi ataje siku na tarehe. Mwanzoni Kigoda alimfukuza Jemedari karakana nzima, naye akakimbia, jemedari mzima wa miguu minne anamkimbia wa mitatu. Kisha wakachoka. Jemedari akalala, na Kigoda akaja akaliegemeza lile bega lake la kushoto kwenye ubavu wa dume huyo, mzito, mnene, laini kuliko sponji yoyote iliyokuwemo mle ndani. Toka siku hiyo hakuegemea pengine.

Harusi ilifanyika, kadi zikasambazwa, Bibi akacheza hadi kiatu kikamtoka. Redio akahamia kwa mumewe mtaa wa pili, na kila siku akitoka shule anapitia karakanani, hivyo fundi hakukosa habari.

Wateja nao hawaishi kuuliza. Majuzi alikuja bwana mmoja aliyeleta kiti cha kubadilishwa kitambaa, akawaona wale wawili wamelala chini ya dirisha.

"Jike na dume! Fundi, hawa huwazalishi? Au kwa sababu ya ule mguu?"

"Mguu hauna neno," fundi akamjibu, akivuta uzi. "Watoto wake wangekuja na mguu wowote ningewapokea. Ila bega lake lisingeweza kuwabeba, na yeye hana namna ya kuniambia kama yuko tayari. Kwa hiyo tukaona tumpe mwenzake tu."

Yule bwana akafikiri, akaitikia. "Na kitambaa, unanishauri kipi?"

Fundi akamsogezea katalogi. Kona zote nne zilikuwa hazipo.